Dizeli Lilikuwa Jina la Mtu

Ukisimama kituo cha mafuta Kongowea, Malindi au Mpeketoni ukamwambia kijana akutilie dizeli ya elfu moja, umetaja jina la ukoo wa mtu. Huyo ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858 na kupotelea baharini usiku wa tarehe 29 Septemba 1913. Manahodha wetu wa Lamu humtaja kila wakipiga hesabu ya safari. Lakini sidhani kuna watu wanaomtaja kwa uchungu kama ndugu zetu wa Kaskazini Mashariki.

Mimi nilianza kumfuatilia baada ya safari ya Kutulo. Kwa wasioijua, Kutulo ni mji mdogo kwenye barabara itokayo Wajir kwenda Elwak na Mandera, pale pale kaunti mbili zinapopakana na kuvutania mpaka. Nilifuatana na watu wa msikiti wetu waliokuwa wamechangia kisima. Kwa kuwa nina stashahada ya ufundi wa umeme, nilitakiwa niitazame genereta inayoendesha pampu. Genereta yenyewe ilikuwa nzima, ila ilikuwa kubwa mno kwa kazi yake, na dizeli yake ilikuwa ikiletwa kwa mapipa. Mzee mmoja mwenyeji wetu, aliyekuwa na mifugo ya kunywesha na hesabu zake kichwani, aliniuliza kama duniani hakuna mashine inayokula kidogo kuliko ile. Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma, nikakuta kuwa swali lile ndilo lililomuanzisha Diesel mwenyewe akiwa kijana wa miaka ishirini.

Wazazi wake walikuwa watu wa Bavaria waliohamia Paris, baba akifanya kazi ya ngozi na kujalidi vitabu. Mwaka wa 1870 vita vilipozuka kati ya Ufaransa na Wajerumani, familia ililazimika kuondoka ikakimbilia London. Maisha yalikuwa magumu, na mtoto huyo wa miaka kumi na miwili akapelekwa Augsburg kulelewa na jamaa zake, ambako mume wa nyumba alikuwa mwalimu wa hesabu. Huko alionekana kuwa na kichwa, akapata ufadhili wa kusoma chuo cha ufundi cha Munich.

Katika chuo hicho alikuwako mwalimu aitwaye Carl von Linde, bingwa wa mashine za barafu. Mwaka wa 1878 Linde alifundisha somo lililombadilisha kijana huyu maisha. Aliwaeleza wanafunzi kuwa injini ya mvuke, ambayo wakati huo ndiyo iliyoendesha viwanda, treni na meli zote kubwa, hugeuza kuwa kazi kiasi cha asilimia sita hadi kumi tu ya joto la makaa yanayochomwa. Mengine yote huenda na moshi na mvuke. Yaani ukichoma magunia kumi ya makaa, tisa na zaidi umeyachoma bure. Nadharia ya Mfaransa Sadi Carnot ilikuwa imekwisha kuonyesha tangu 1824 kuwa mashine ya joto inaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo. Diesel aliandika pembeni mwa daftari lake kwamba jambo hilo lichunguzwe. Alilichunguza kwa karibu miaka ishirini.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana wengi wakisimulia habari za wavumbuzi hutufanya tuamini kuwa mtu alilala, akaota, akaamka na mashine. Diesel hakuwa hivyo. Alipomaliza chuo mwaka wa 1880 kwa alama za juu kabisa, alirudi Paris kumsimamia Linde kiwanda cha barafu. Hataza zake za kwanza zilihusu barafu. Akaoa, akazaa watoto watatu, na jioni na siku za mapumziko akawa anahangaika na injini ya kutumia mvuke wa amonia badala ya maji. Miaka ikaenda. Injini hiyo ya amonia haikufaa kitu. Mshahara wa mtu mmoja na chumba kimoja cha majaribio havikutosha kulivuka ziwa lile.

Mwaka wa 1890 alihamia Berlin, na huko akalishika wazo lake kuu. Ukipiga pampu ya baiskeli kwa nguvu, shina lake hupata moto, kwa sababu hewa ikibanwa hutoa joto. Diesel akasema moyoni: nikiibana hewa ndani ya silinda mpaka iwe ya moto sana, kisha nikanyunyiza mafuta kidogo, mafuta yatawaka yenyewe bila cheche. Na kadiri hewa inavyobanwa zaidi, ndivyo joto linavyogeuka kazi kwa wingi zaidi. Alipata hataza yake mwaka wa 1893, na mwaka huo huo akatoa kitabu kidogo kueleza nadharia ya injini hiyo. Wataalamu wengine walimcheka. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri, lakini shinikizo alilolipanga hakuna chuma cha wakati huo kingelistahimili.

Kilichomtofautisha na waota ndoto wengine ni kwamba safari hii alipata watu wa kulipia makosa yake. Kiwanda cha mashine cha Augsburg, chini ya mkurugenzi Heinrich Buz, kilikubali kumjengea injini ya majaribio. Kampuni ya Krupp ya Essen, mabingwa wa chuma, ikaingia pia, ikawa inamlipa mark 30,000 kwa mwaka ili asifanye kazi nyingine yoyote. Tuelewane vizuri hapa. Watu hao hawakununua injini, kwa sababu injini haikuwako. Walinunua miaka ya kujaribu.

Na majaribio yenyewe yalianza kwa kishindo. Tarehe 10 Agosti 1893 walipoingiza mafuta kwenye silinda kwa mara ya kwanza, yalilipuka kwa nguvu hata kifaa cha kupimia shinikizo kikapasuka vipande vipande. Bahati hakuna aliyekufa. Mashine ile haikuwahi kujiendesha hata kidogo, na ikabidi ijengwe upya. Diesel alikuwa ameamini kuwa injini yake haitahitaji maji ya kupoza. Ikabidi akubali maji. Alikuwa amepanga shinikizo kubwa mno, ikabidi alipunguze. Namna ya kunyunyiza mafuta ndani ya hewa iliyobanwa ndiyo iliyowatesa kuliko yote. Tarehe 17 Februari 1894 injini ilijiendesha yenyewe kwa takriban dakika moja. Dakika moja, baada ya mwaka mzima wa pesa za watu! Mkurugenzi mwingine angelifunga karakana siku hiyo. Buz aliendelea.

Miaka mitatu kamili baadaye, tarehe 17 Februari 1897, Profesa Moritz Schröter wa Munich alikuja Augsburg na vipimo vyake kuipima injini mpya mbele ya watu. Ilitoa nguvu za farasi zipatazo ishirini, na ikageuza kuwa kazi asilimia 26.2 ya joto la mafuta yake. Hakuna injini ya joto iliyokuwa imewahi kupimwa ikafika hapo. Kwa lugha ya sokoni, kazi ile ile iliyokuwa ikifanywa na injini ya mvuke ya kawaida kwa kuchoma magunia matatu au manne ya joto, hii iliifanya kwa gunia moja.

Tuilete hesabu hiyo nyumbani. Lita moja ya dizeli ina joto la kadiri ya yuniti kumi za umeme. Genereta ndogo ya kisasa ikifanya kazi kwa mzigo wake mzuri hutoa katika lita hiyo yuniti tatu, au tatu na nusu. Genereta kubwa iliyofungwa mahali penye kazi ndogo, ikabebeshwa robo tu ya mzigo wake, inaweza kushuka hadi yuniti mbili na kitu. Sasa mkumbuke asilimia 26.2 ya Augsburg. Maana yake ni kuwa kuna mashine zinazounguruma leo kwenye miji yetu ya ukame ambazo hazimpiti Diesel wa 1897, na nyingine ziko nyuma yake. Kosa si la injini. Injini bora zipo. Zile kubwa za meli na vituo vya umeme sasa hukaribia kugeuza nusu ya joto kuwa kazi, na zimefika hapo kwa sababu viwanda havikuacha kulipia majaribio hata baada ya mwenye jina kufa. Kosa ni kwamba hakuna aliyelipwa kukaa Kutulo mwaka mmoja apime mzigo wa mji, vumbi lake na joto lake, kisha aseme ni mashine ya ukubwa gani inayofaa pale.

Baada ya 1897 Diesel alitajirika ghafla. Adolphus Busch, mtengenezaji pombe wa St. Louis huko Marekani, alinunua haki za injini hiyo kwa nchi yake kwa mark milioni moja. Kampuni nyingine za Ulaya zikafuata. Lakini injini iliyofanya vizuri mikononi mwa mafundi wa Augsburg ilianza kuharibika kwa wanunuzi, kwa kuwa viwanda vingine vilitaka kuuza bila kupitia tabu ya majaribio. Lawama zikamrudia yeye, na afya yake ikavunjika. Ilichukua miaka mingine ya kurekebisha, na waliorekebisha zaidi ni wale wale wa Augsburg waliokuwa wamezoea kufeli.

Umeme ndio uliokuwa mmoja wa wateja wa kwanza wakubwa. Mwaka wa 1904 mji wa Kiev ulifunga injini nne za dizeli, kila moja ya nguvu za farasi 400, kutoa umeme wa tramu zake. Baada ya hapo miji mingi isiyokuwa na mgodi wa makaa karibu iliona njia. Mpaka ukafika kwetu. Kipevu, pale mtu akivuka kuelekea Changamwe anapoziona dohani, kituo cha tatu kilichofunguliwa mwaka wa 2011 kina injini saba za kampuni ya Wärtsilä ya Finland. Kampuni hiyo ilikuja kuichukua biashara ya injini za Sulzer wa Winterthur, Uswisi, ambako Diesel alifanya mazoezi ya kazi akiwa mwanafunzi. Dunia ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Kuna habari moja ya Diesel ambayo naona ingetufaa sana sisi Waafrika, na haisimuliwi. Kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, kampuni ya Otto iliendesha injini ndogo ya Diesel kwa mafuta ya njugu karanga. Iliendeshwa kwa amri ya serikali ya Ufaransa, iliyokuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika ambako njugu humea kwa wingi, ili sehemu hizo zijipatie nguvu bila kuagizia makaa wala mafuta ya mbali. Injini ilikubali vizuri hata wengi waliotazama hawakugundua tofauti. Diesel mwenyewe aliizungumzia tena mwaka wa 1912. Halafu jambo likalala. Mafuta ya petroli yalikuwa rahisi, na hakuna aliyetia pesa kuliendeleza. Mashine ya kujitegemea ilitengenezwa, ikafaulu, kisha ikawekwa kabatini kwa sababu mwaka ule hesabu ya bei haikuitaka.

Msinielewe kuwa nasema tukakamue njugu. Nasema utafiti uliokatwa katikati hautoi nusu ya faida. Mara nyingi hautoi chochote.

Na wa kuvumiliwa tumeuona hapa hapa Kenya. Visima viwili vya kwanza vya mvuke wa ardhini huko Olkaria vilichimbwa kuanzia mwaka 1956, na havikutoa kitu cha kufaa. Mradi ukasimama. Miaka ya sabini ukafufuliwa kwa msaada wa shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, wakachunguza tena na kuchimba tena, na mashine ya kwanza ya megawati 15 ikawaka mwaka 1981. Robo karne tangu kisima cha kwanza! Leo mvuke wa ardhini hutoa kadiri ya asilimia arubaini ya umeme wa nchi hii, na hauchomi hata kibaba cha dizeli. Kila mwezi Kipevu inapopumzika ni kwa sababu kuna watu waliolipwa kutoboa mashimo makavu mnamo 1956.

Diesel hakuishi kuyaona yote hayo. Alikuwa mjuzi wa joto na si mjuzi wa pesa. Alijenga jumba la fahari Munich, akatia mali kwenye viwanja na kwenye biashara za mafuta zilizokwenda kombo, na mamilioni yakayeyuka. Mwaka wa 1912 alikuwa bado anashangiliwa. Alizuru Marekani, na meli ya Selandia ilikuwa imeanza kuvuka bahari kuu kwa injini zake. Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Kabla ya safari yake ya mwisho alimpa mkewe Martha mfuko, akamwambia asiufungue mpaka wiki ijayo. Ulipofunguliwa ulikutwa na mark 20,000 taslimu na karatasi za benki zikionyesha kuwa akaunti zao zilikuwa karibu tupu.

Tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli ya Dresden kutoka Antwerp kuelekea Harwich, Uingereza, kwa shughuli za kiwanda kipya. Alikula chakula cha usiku na wenziwe wawili, akaenda chumbani kama saa nne, akaagiza aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi. Asubuhi kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa vimekunjwa karibu na ukingo wa meli. Siku chache baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliopoa maiti, wakatoa vitu vya mifukoni na kuirudisha baharini, na mwanawe Eugen akavitambua vitu hivyo kuwa vya babake. Wako waliosema aliuawa na wenye visima vya mafuta, wengine wakasema ni majasusi. Mimi naona madeni yanatosha kueleza mengi, na yaliyobaki anayajua Mola. Alikuwa na miaka 55.

Nimesema tangu mwanzo kuwa ndugu zetu wa kaskazini humtaja kwa uchungu. Mpaka ninapoandika, gridi ya taifa haijafika Mandera. Vituo vya Mandera, Wajir na Elwak vinategemea genereta za dizeli, na baadhi vimeongezewa paneli za jua. Lori linalopeleka dizeli huko huchoma dizeli njia nzima, kilomita mamia kwa mamia, kwenye barabara ambayo usalama wake sote twausikia. Huku kwetu, kisiwa cha Faza kiko vivyo hivyo, ila badala ya lori ni chombo. Kwa kuwa bei ya stima ni moja nchi nzima, gharama ya mafuta hayo hugawanywa kwa kila mteja. Tazama ujumbe wa tokeni yako utaiona imeandikwa kando, na hupanda na kushuka kila mwezi. Wewe uliye Kisauni unailipia genereta ya Elwak, na mwenye duka wa Elwak anailipia Kipevu.

Hapo hapo mkoani, Garissa ina kituo cha jua cha megawati 54.6 kilichofunguliwa Desemba 2019. Umeme wake huingia kwenye gridi na kwenda zake kwingine. Tulikijenga kwa mkopo na vifaa vya China, jambo jema, siwalaumu. Lakini paneli zile zilitoka kwenye maabara za wengine, na swali la Kutulo, la mji mdogo ulio mbali na gridi, wenye jua la mwaka mzima, ngamia wa kunywesha mchana na taa chache usiku, halikuwa swali la maabara hizo. Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 ilianzisha mfuko wa utafiti wa taifa na kusema upewe asilimia 2 ya pato la nchi kila mwaka. Fungu linalotolewa halijawahi kukaribia hapo.

Wabunge wetu wa Pwani na wale wa Kaskazini Mashariki hukaa benchi moja linapokuja suala la mgao wa fedha. Kabla ya bajeti ijayo, wangeanza na jambo dogo: mafundi wanne wa vyuo vyetu vya ufundi, vipimo, na mwaka mmoja katika vituo viwili, Faza na Elwak, wakipima kila lita inaleta yuniti ngapi saa kwa saa. Mishahara yao haitafika mbali na bei ya malori machache ya dizeli. Injini ya Diesel ya 1897 imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Munich, na asilimia yake inajulikana mpaka nukta. Asilimia ya genereta za Faza ingefaa nayo iandikwe mahali.